Barua ya wazi: Sheria ya ndoa kwa wote iandikwe nzima

Kwa waheshimiwa wabunge, mawaziri wa sheria na wasajili wa ndoa

YAH: MUSWADA WA USAWA WA NDOA NA VIFUNGU VINAVYOSAHAULIKA

Waheshimiwa,

Tunawaandikia sisi vijana tunaotaka watu wawili wazima wa jinsia moja waruhusiwe kufunga ndoa kisheria, ndoa ile ile wanayofunga wengine, yenye jina lile lile na nguvu ile ile. Kwa nini iwe hivyo tumekwisha kusema mara nyingi, barabarani na mitandaoni, na tutaendelea kusema. Safari hii tunakuja na jambo ambalo halisikiki katika kelele za mijadala: namna ya kuiandika sheria yenyewe.

Tumesoma sheria za nchi zilizotangulia na hukumu zilizotolewa baada ya sheria hizo kupita. Karibu kila mahali hadithi ni moja. Bunge linapitisha kifungu kimoja, watu wanakumbatiana nje ya ukumbi, halafu miaka mitano au kumi baadaye mtu amesimama kizimbani akidai pensheni ya mwenzi wake aliyefariki, au akiomba atambuliwe kuwa mzazi wa mtoto aliyemlea tangu siku ya kuzaliwa, kwa sababu kifungu cha pili hakuna aliyekigusa. Sisi ndio tutakaoishi ndani ya sheria hii kwa miaka mingi kuliko wengi wenu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ndiyo maana tunawaomba mtusikilize kwenye vifungu, si kwenye kaulimbiu tu.

Tuanze na Uholanzi, nchi ya kwanza. Kifungu cha 30 katika Kitabu cha Kwanza cha Sheria ya Kiraia kiliandikwa upya kwa sentensi fupi inayosema kwamba ndoa inaweza kufungwa na watu wawili wa jinsia tofauti au wa jinsia moja. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2001, meya wa Amsterdam, Job Cohen, akafungisha ndoa nne. Sentensi ile ni nzuri na hatuna la kuiongezea. Tangu hapo nchi zaidi ya 35 zimefuata, za karibuni zikiwa Liechtenstein na Thailand, zote mbili Januari 2025. Lakini hata Uholanzi, mke wa mama aliyejifungua hakutambuliwa kuwa mzazi kwa sababu ya ndoa yake hadi tarehe 1 Aprili 2014. Kwa miaka 13 ndoa ilikuwa kamili kwa wanandoa na nusu kwa watoto wao.

Sababu ni kwamba ndoa haikai ndani ya Sheria ya Ndoa. Humo mtakuta umri, matangazo, mashahidi na maneno ya kiapo. Uzito wake uko kwingine: kwenye mirathi, kodi, pensheni, bima ya afya, uhamiaji, uraia, fidia ya mfanyakazi aliyefia kazini, kinga ya mwenzi asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake, amri za mahakama za kumzuia mwenzi mkatili, usajili wa vizazi na vifo, hata haki ya kuchukua mwili hospitalini na kupanga mazishi. Mkibadilisha Sheria ya Ndoa peke yake, mmetoa cheti ambacho ofisi nyingine zitakitazama na kukirudisha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwandishi wa sheria ni kuzipitia sheria zote zinazotumika pamoja na kanuni zake, na kutafuta kila mahali palipoandikwa mume, mke, mjane, mgane, baba, mama na mkwe. Kila anachokikuta akiingize kwenye jedwali lenye safu nne: jina la sheria na namba ya kifungu, maneno yaliyopo, maneno mapya, na wizara itakayosimamia badiliko hilo. Safu ya nne ndiyo inayodharauliwa, na ndiyo inayoamua kama kazi itafanyika. Badiliko lisilo na mwenyewe hubaki kwenye karatasi, kwani wizara ya sheria hudhani ni la wizara ya kazi, na wizara ya kazi hungoja waraka ambao hakuna aliyeagizwa kuuandika. Jedwali hilo liambatishwe kwenye muswada siku unaposomwa mara ya kwanza. Likiahidiwa kuja baadaye, haliji.

Wapo watakaowashauri njia ya mkato, yaani kifungu kimoja cha tafsiri kinachoelekeza kwamba popote palipoandikwa mume au mke pasomeke mwenzi wa ndoa wa jinsia yoyote. Kifungu hicho kiwekeni, maana hata msomaji makini huruka mahali. Ila msikitegemee. Hakifiki kwenye nyaraka zisizo za serikali, kama masharti ya mifuko ya pensheni, mikataba ya bima na kanuni za ajira. Na kinapokutana na kifungu kinachohusu ujauzito au uzazi, maana yake hugeuka fumbo, ofisa aliye dirishani akalifumbua kwa moyo wake mwenyewe.

Tazameni kesi ya John Walker wa Uingereza. Aliajiriwa mwaka 1980 na kuchangia mfuko wa pensheni wa mwajiri wake kama wafanyakazi wenzake, kiwango kile kile, hadi alipostaafu mwaka 2003. Mwaka 2006 aliingia katika muungano wa kiraia, yaani uhusiano uliosajiliwa kisheria bila kuitwa ndoa, na mwanamume mwenzake, baadaye wakafunga ndoa. Sheria ya usawa ya nchi hiyo ilikuwa na kifungu cha msamaha kilichoruhusu mifuko kumhesabia mwenzi wa jinsia moja ile michango tu iliyotolewa kuanzia tarehe 5 Desemba 2005. Kwa hesabu hiyo, Walker akifariki mumewe angepata kama pauni 1,000 kwa mwaka. Kama angekuwa ameoa mwanamke, mjane wake angepata takriban pauni 45,700. Tofauti hiyo yote ilitoka kwenye tarehe moja iliyochomekwa ndani ya jedwali ambalo wabunge wengi huenda hawakulifungua. Ilibidi mzee huyo afike Mahakama ya Juu, nayo ikampa haki yake tarehe 12 Julai 2017.

Dawa yake haihitaji ukurasa mzima. Andikeni kwamba sharti lolote la mfuko wa pensheni au bima linalompunguzia mwenzi wa ndoa haki kwa sababu ya jinsia yake ni batili, na kwamba miaka yote ya uchangiaji inahesabiwa, hata ile ya kabla ya sheria kuanza. Watakaopinga watasema gharama ni kubwa. Waombeni hesabu zilizofanywa na wataalamu wa mifuko, kwa maandishi. Mfuko ulipokea michango ya mtu huyo bila kumuuliza analala na nani.

Sasa hoja ya jina. Kila muswada huu unapokaribia, hujitokeza mtu mpole na kupendekeza maridhiano: wapeni haki zote, lakini msiite ndoa. Denmark ilianza hivyo mwaka 1989, Ufaransa mwaka 1999, Ujerumani mwaka 2001. Tunajua wengi wanaopendekeza hivi wana nia njema, na tunajua pia kwamba kwa wakati wake hatua ile ilikuwa ya kijasiri. Lakini tunawaomba msiirudie leo, kwa sababu matokeo yake yanajulikana. Chombo kipya huanza kitupu. Haki za ndoa zimejazwa polepole kwa vizazi vingi katika mamia ya vifungu, na chombo kipya hupata zile tu zilizokumbukwa siku ya kukiandika. Ufaransa, aliye katika mkataba wa kiraia harithi chochote kwa mwenzake kama hakuna wosia. Ujerumani, Mahakama ya Katiba ililazimika kujaza mapengo moja baada ya jingine: pensheni ya mwenzi aliyebaki mwaka 2009, kumwasili mtoto ambaye mwenzi alikwisha kumwasili Februari 2013, nafuu ya kodi ya mapato ya wanandoa Mei 2013. Nyuma ya kila hukumu palikuwa na watu halisi waliolipa mawakili kwa miaka. Mwishowe, tarehe 30 Juni 2017, Bunge likapiga kura 393 dhidi ya 226 na kufungua ndoa yenyewe. Miaka 16 ya kuzunguka, kisha wakafika pale pale walipoombwa waende mwanzoni.

Afrika Kusini ilikuwa imeona hilo mapema. Katika shauri la Fourie, tarehe 1 Desemba 2005, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kuwafungia wapenzi wa jinsia moja nje ya ndoa ni kinyume cha Katiba, ikalipa Bunge miezi 12 kurekebisha, na ikaonya dhidi ya suluhisho la kuwatenga kwa kisingizio cha usawa. Sheria ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba 2006, siku moja kabla ya muda kwisha.

Kwa watoto tunaomba mkae zaidi, maana hapa ndipo uzembe wa uandishi unapomwangukia asiye na sauti kabisa. Sheria nyingi zinasema mwanamke aliyeolewa akijifungua, mumewe ndiye baba. Hakuna anayedai kipimo cha damu. Ni dhana ya kisheria inayompa mtoto wazazi wawili tangu pumzi ya kwanza. Ukiruhusu wanawake wawili wafunge ndoa bila kugusa kifungu hicho, mtoto wao anazaliwa ndani ya ndoa halali akiwa na mzazi mmoja. Ujerumani ndivyo ilivyokuwa baada ya 2017. Hukumu ya Oktoba 2018 ilithibitisha kwamba mke wa mama hawi mzazi kwa sababu ya ndoa, hivyo alitakiwa kumwasili mtoto wake mwenyewe. Kuasili maana yake ni maombi mahakamani, ofisa wa ustawi kuja nyumbani kukagua, vyeti vya afya na vya mwenendo, kisha kungoja. Mama aliyejifungua akifariki katikati ya kungoja huko, mwenzake hana hadhi yoyote mbele ya sheria, na babu na bibi wasiomkubali wanaweza kumdai mtoto. Mtoto akihitaji upasuaji usiku, saini inayotambulika ni moja. Wawili hao wakiachana, mmoja anaweza kufunga mlango, na mtoto hana hata haki ya matunzo kutoka kwa mzazi wa pili.

Ireland iliona tatizo mapema, ila ikajikwaa kwenye utekelezaji. Sheria ya Watoto na Mahusiano ya Kifamilia ilitiwa saini mwaka 2015 hata kabla ya kura ya maoni kuhusu ndoa hizi ya tarehe 22 Mei, ile iliyopata asilimia 62 ya ndiyo. Ndoa zikaanza Novemba mwaka huo. Sehemu za sheria zinazowahusu watoto waliopatikana kwa mbegu za mchangiaji, zile hasa zilizowapa mama wawili nafasi kwenye cheti cha kuzaliwa, hazikuanza kutumika hadi tarehe 4 Mei 2020. Na zilipoanza, ziliwagusa waliopitia kliniki kwa utaratibu uliowekwa, si kila familia.

Basi kifungu kiseme hivi kwa lugha yenu: mtu aliye katika ndoa na mama wakati wa mtoto kuzaliwa, na aliyeridhia mimba hiyo kutungwa kwa msaada wa mbegu za mchangiaji, ni mzazi wa mtoto huyo kwa mambo yote ya kisheria. Ridhaa iwe kwa maandishi pale inapowezekana, lakini kukosekana kwa karatasi kusimwondolee mtoto mzazi ikiwa ridhaa inathibitishwa kwa njia nyingine. Mchangiaji wa mbegu atamkwe kuwa si mzazi. Kwa wanaume wawili njia yao kubwa ni kuasili, kwa hiyo kifungu cha uasili kiseme wanandoa, bila kuongeza neno, na mtoto aangaliwe kwa ustawi wake kama sheria inavyotaka kwa kila familia. Na watoto waliokwisha kuzaliwa kabla ya sheria wapewe njia ya kusajiliwa upya kwa tamko la wazazi wote wawili mbele ya msajili, bila kesi.

Baada ya watoto, fomu. Tunajua kuna watakaoona hili ni dogo. Hebu fikirieni dawati la msajili siku ya kwanza. Mbele yake kuna wanawake wawili na mashahidi wao, kwenye kompyuta yake kuna visanduku viwili, kimoja cha mume, kingine cha mke, na programu imewekwa kukataa kuhifadhi kama jinsia za visanduku hivyo hazitofautiani. Atafanya nini? Ama atawarudisha nyumbani, ama atamwandika mmoja wao kwenye kisanduku cha mume, na kosa hilo litasafiri hadi kwenye kodi, pasipoti na bima. Haya yalitokea kweli. Ujerumani ndoa zilianza tarehe 1 Oktoba 2017, lakini programu ya wasajili ilikuwa bado inajua mume na mke tu, na marekebisho yake yakasubiri hadi mwaka uliofuata.

Ndiyo maana tunasema fomu ziingizwe kwenye muswada kama jedwali, au angalau kanuni zake zitangazwe kwenye gazeti la serikali kabla ya siku ya kuanza. Orodha ni ndefu kuliko watu wanavyodhani: taarifa ya kusudio la kufunga ndoa, tamko la kutokuwa na kizuizi, daftari, cheti, fomu ya kizazi, fomu ya kifo, hati ya talaka, fomu ya kodi, maombi ya pasipoti na viza, fomu ya warithi wa mafao, fomu ya hospitali ya kumtaja ndugu wa karibu. Visanduku viwe Mwenzi wa Kwanza na Mwenzi wa Pili. Masharti ya jinsia yaondolewe ndani ya kanzidata yenyewe, si kwenye skrini tu, kwa sababu skrini ikirekebishwa na kanzidata ikabaki ilivyo, kumbukumbu hukwama usiku wakati mifumo ya ofisi mbalimbali inapobadilishana taarifa. Wiki kadhaa kabla, mfumo ujaribiwe kwa kumbukumbu za majaribio: wanaume wawili, wanawake wawili, mmoja raia na mmoja mgeni, mmoja aliyewahi kutalikiwa, wawili wanaohamisha muungano wa kiraia kuwa ndoa. Kila moja ifuatiliwe kutoka daftari la ndoa hadi kwenye kodi na pensheni. Itakapokwama, hapo ndipo pa kurekebisha.

Anayedhani fomu ni karatasi tu akumbuke kwamba shauri lililofungua ndoa kwa majimbo yote ya Marekani, tarehe 26 Juni 2015, lilianzia kwenye cheti cha kifo. John Arthur alikuwa mgonjwa mahututi wa maradhi ya neva. Yeye na Jim Obergefell waliruka kwa ndege ndogo ya tiba kutoka Ohio hadi Maryland Julai 2013, wakafunga ndoa ndani ya ndege ikiwa imesimama uwanjani kwa kuwa John hakuweza kushuka, wakarudi nyumbani. Kwa sheria ya Ohio ya wakati huo, cheti cha kifo cha John kingemwandika kuwa mtu asiye na ndoa, na sehemu ya mwenzi aliyebaki ingekuwa tupu. Walikwenda mahakamani kwa ajili ya mstari huo mmoja.

Kuhusu ndoa zilizofungwa nje ya nchi, tunasihi msiache ukimya. Taiwan ilipoanza tarehe 24 Mei 2019, raia wake hakuweza kuoana na mgeni ambaye nchi yake haitambui ndoa hizi. Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu kubwa Januari 2023, na lile la kuasili mtoto asiye wa damu ya mmoja wao likazibwa Mei mwaka huo. Wengine waliishi miaka hiyo wakiwa wametenganishwa na mpaka. Andikeni kwamba ndoa halali ilikofungwa inatambuliwa tangu siku ilipofungwa, si tangu siku ya sheria yenu, maana tarehe hiyo ndiyo inayohesabu miaka ya pensheni, muda wa kuomba uraia na mgawanyo wa mali. Wanaobadili muungano wa kiraia kuwa ndoa nao wahesabiwe tangu mwanzo wa muungano. Uingereza ilifanya hivyo ilipofungua mlango huo Desemba 2014, na ilifanya vizuri.

Na kuna talaka. Canada ilifungua ndoa Julai 2005, wageni wengi wakaenda kufunga huko, halafu ikaonekana kwamba sheria ya talaka inamtaka mwombaji awe ameishi nchini mwaka mzima. Nyumbani kwao hawangeweza kuachana kwa sababu huko ndoa haikutambuliwa, na Canada hawangeweza kwa sababu hawaishi huko. Walinaswa. Sheria maalumu ya mwaka 2013 ndiyo iliyowafungulia. Mkikaribisha wageni kufunga ndoa kwenu, wawekeeni na mlango wa kutokea.

Kuhusu dini tutasema kwa ufupi, kwa sababu jambo lenyewe si gumu kama linavyofanywa. Kiongozi wa dini asilazimishwe kufungisha ndoa ambayo imani yake haiikubali, na hilo liandikwe waziwazi ili hofu iishe. Ofisa anayelipwa na umma ni jambo jingine. Kifungu cha 6 cha sheria ya Afrika Kusini ya 2006 kilimruhusu ofisa wa serikali kukataa kwa sababu za dhamiri, na palipokuwa na ofisa mmoja au wawili tu, kukataa kwao kulimaanisha ofisi nzima imefungwa kwa raia hao. Bunge lilikifuta kifungu hicho mwaka 2020. Msikiandike ili baadaye mje kukifuta.

Tunajua baadhi yenu mnaongoza nchi ambako hata mapenzi yenyewe ni kosa la jinai. Nchi za namna hiyo bado ni zaidi ya 60. Huko hatuwezi kuzungumzia fomu kabla ya kuzungumzia jela. Lakini njia ipo na wengine wamekwisha kuipita: Afrika Kusini ilitaja mwelekeo wa kimapenzi kwenye Katiba yake ya 1996, mahakama ikafuta kosa la jinai mwaka 1998, ikawapa wenzi wa kigeni haki ya kuishi nchini mwaka 1999, ikaruhusu kuasili kwa pamoja mwaka 2002, kisha ndoa. Kila hatua iliibeba iliyofuata. Hatua ya kwanza, kuacha kuwakamata watu, haihitaji hata shilingi moja ya bajeti.

Mwisho ni namna mnavyotusikiliza. Australia ilipeleka karatasi za kura kwa posta mwaka 2017 ingawa Katiba yake haikudai hivyo na matokeo yake hayakulifunga Bunge. Zaidi ya dola milioni 80 za nchi hiyo zilitumika, asilimia 61.6 wakasema ndiyo, na kwa wiki kadhaa vijana wa umri wa shule walisikia majirani wakijadili kama wanastahili, bila wao kuwa na kura. Pale ambapo Katiba haidai kura ya maoni, fanyeni kazi mliyochaguliwa kuifanya. Na pale inapodai, andikisheni vijana shuleni na vyuoni mapema, daftari lisifungwe siku chache baada ya tarehe kutangazwa.

Kamati za Bunge hupokea maoni ya maandishi, na hapo ndipo tunapopotea. Fomu hudai jina kamili, namba ya kitambulisho na anwani, kisha maoni huwekwa hadharani kama yalivyo. Kijana wa miaka 19 anayeishi kwa wazazi wasiojua hali yake hawezi kutuma maoni hayo. Akiyatuma, huenda asiwe na pa kulala. Tunaomba kamati ithibitishe utambulisho kwa siri, kisha ichapishe maoni kwa namba tu. Barua za kumwita mtu zisipelekwe nyumbani, na simu zisipigwe kwenye namba ya mzazi. Atumie anwani au barua pepe aliyoichagua mwenyewe. Vikao vya faragha viwepo, na ushahidi kwa njia ya mtandao uruhusiwe kamera ikiwa imezimwa. Vikao visipangwe wakati wa mitihani. Aliyefikisha miaka 16 asidaiwe barua ya ridhaa ya mzazi ili atoe maoni. Ndoa yenyewe ibaki ya waliotimiza miaka 18, kwa kila mtu na bila msamaha wowote, lakini kusema si ndoa. Na ripoti ya kamati ieleze ni mapendekezo gani yaliyokataliwa na kwa sababu gani, ili tuweze kuyajibu kabla muswada haujasomwa mara ya tatu.

Tuko tayari kufika mbele ya kamati zenu tukiwa na jedwali la vifungu mkononi, safu zote nne zikiwa zimejazwa. Tunachoomba ni tarehe, na muda wa kutosha wa kupitia sura ya watoto kifungu kwa kifungu pamoja na mwandishi wa sheria mwenyewe.

Wenu,

Vijana tunaodai usawa wa ndoa